Kiti cha Dereva

Mjomba wangu, fundi wa magari ya zamani, hakazi stabilaiza mpya ya mbele, kile chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona, mpaka dereva akae kitini. "Bila uzito wake chuma kinajipinda. Mimi silipui kazi!" hufoka.

Jana mjane mmoja alileta gari la mbio la marehemu mumewe. Mjomba aliingia uvunguni, akamwambia aketi. Upande wa dereva ukazama, bolti ikateleza ikaingia mahali pake.

"Hapo hapo, dada, usijitikise!" Akakaza.

Mjomba alipotoka uvunguni, mjane alikuwa bado getini.

"Samahani, fundi, nilipigiwa simu. Sasa nikae?"

Akafungua mlango wa dereva. Upande ule ukainuka taratibu, kama mume anayempisha mkewe kiti.