Shemine ya Gesi ya Mama Yangu

Kindu, huku kwetu Kongo, hakuna baridi. Naanza na hilo ili nikuokolee muda, maana kila aliyepita kwenye barabara yetu mwaka ule aliuliza: mtu mwenye akili zake ananunuaje shemine, kitu cha Wazungu cha kuota moto sebuleni, katika mji ambao hata mbuzi anatafuta kivuli saa tatu asubuhi? Jibu ni refu kidogo, na sehemu yake kubwa ni mimi.

Mama yangu alikuwa na kifua kibaya. Daktari alimsikiliza mgongoni, akamsikiliza kifuani, akavua miwani, akasema mapafu yake yameshiba moshi wa kuni wa maisha mazima, na kwamba akiendelea kukaa jikoni hatafikisha miaka miwili. Mama alimshukuru kwa heshima zote. Tukarudi nyumbani. Akapita sebuleni bila kuvua kitambaa cha kichwa, akaenda jikoni, akakaa kwenye kibao chake mbele ya mafiga, akaanza kukohoa.

Jiko letu lilikuwa kibanda cha matofali nyuma ya nyumba, bati lake jeusi kwa masizi. Na hapo ndipo ugumu ulipokuwa, maana mama hakuwa akipika tena. Kupika nilipika mimi, kwa makaa, barazani. Angekuwa anapika, ningemnunulia jiko la gesi la kawaida na mambo yangeisha. Yeye aliwasha moto alfajiri na kukaa nao tu, mpaka jua likolee. Nilimwambia aote jua. Akasema jua ni la kila mtu.

Moto ule aliuzoea wakati wa vita. Mji ulikuwa umefungwa, askari ndani, wapiganaji wengine msituni, na katikati ni sisi na sombe, majani ya muhogo, isiyo na chumvi. Reli ilinyamaza. Chumvi ilitangulia kuisha, sabuni ikafuata, kisha viberiti. Vijana wa leo hucheka nikiwaambia kwamba mji mzima ulikosa viberiti, lakini ndivyo ilivyokuwa. Ikabidi kila barabara iwe na nyumba moja inayolinda moto usizimike, na kwenye barabara yetu ilikuwa nyumba ya mama.

Asubuhi wanawake walikuja mmoja mmoja na kigae cha chungu, wakapewa kaa la moto, wakaondoka wakilipuliza. Mama alimtazama kila mmoja usoni. Akishamaliza aliuliza, "Nani hakukuja?" Na kama kuna ambaye hakuja, mama mwenyewe aliweka kaa kwenye kigae na kumpelekea. Mimi nilikuwa msichana mkubwa, najua kila kitu, na niliona ule ni umbea uliojificha nyuma ya makaa. Nilimwambia hivyo. Alinijibu kwamba umbea una miguu, na miguu yake ilikuwa bado mizima.

Siku moja aliyekosekana alikuwa jirani yetu wa upande wa kulia, mama mmoja Mwislamu aliyekuwa akiuza mandazi hapo zamani unga ulipokuwepo. Mama alimkuta kwenye mkeka, homa imempanda, siku mbili hajatia hata maji kinywani. Akamlisha uji kwa wiki nzima. Siku nyingine alikuta mlango wazi na nyumba tupu. Hapo alirudi na kaa lake limeshakuwa jivu, akasema neno moja tu, "Wamekimbia," akaenda kuteka maji. Nilimwogopa akisema neno hilo kuliko nilivyoogopa risasi.

Vita vikaisha, angalau kwa upande wetu. Viberiti vikarudi, vikafuatwa na vile vya gesi vyenye kurunzi matakoni. Hakuna aliyekuja tena kuomba moto. Mama aliendelea kuuwasha kila alfajiri, hata kwa kuni mbichi kama ndizo zilizopatikana, na moshi ukapanda juu ya bati kama kawaida.

Basi nikampigia simu kaka yangu, anayebandika vigae huko Ubelgiji. Nikamwambia: mama hataki jiko, anataka moto wa kukaa nao, lakini usio na moshi. Nilidhani namwonyesha ugumu wa mambo. Kaka akasema kitu hicho kipo, kila nyumba anayofanyia kazi inacho.

Kwanza akanitumia fomu ya dukani. Waliuliza unene wa kuta na kama zimejazwa pamba ya kuzuia baridi. Niliandika kwamba kuta zina matundu, tuliyaacha makusudi ili upepo upite. Waliuliza kiwango cha chini cha joto wakati wa majira ya baridi. Niliandika kwamba mwezi wa sita, asubuhi, mama huvaa sweta. Waliuliza kama kuna watoto au wanyama wanaoweza kuugusa moto. Niliandika idadi ya kuku. Kaka akakasirika, akajaza fomu mwenyewe.

Kitu kilisafiri miezi saba, kikafika kimefungwa kwenye mbao nzuri kuliko milango yetu. Fundi wetu alikuwa mchomeleaji mmoja mzee aliyefanya kazi karakana ya reli. Alisoma maelezo ya Kifaransa kwa sauti, kidole juu ya mstari, akatoboa ukuta wa sebule, akapitisha bomba la kutolea hewa chafu, akaweka chupa ya gesi nje, chini ya kijipaa cha bati. Alipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha mpira, akainama kuangalia kama kuna mapovu yanayovimba. Hayakuvimba. Akabonyeza rimoti. Nyuma ya kioo moto ukasimama, wa buluu kisha wa njano, juu ya magogo matatu ya udongo wa kuchoma yaliyotengenezwa yafanane na kuni, hata mafundo ya matawi yalikuwepo. Fundi alivua kofia.

Wageni walianza kuja kabla vumbi la ukuta halijatulia. Niliwajibu wote, nikisimama kando ya shemine kama niko ubaoni. Mimi ni mwalimu, na kuulizwa ni furaha yangu. Magogo yale yakiisha, mengine yatatoka wapi? Hayaishi. Moto usiokula kuni unakula nini? Gesi. Gesi yatoka wapi? Bukavu, kwa lori mpaka Kasongo, halafu kwa pikipiki. Unaweza kuchoma muhindi? Hapana, kuna kioo. Umeme ukikatika? Kwani ulikuwepo? Hauwezi kulipuka? Ukisikia harufu, funga chupa, fungua madirisha, usiwashe kitu. Jirani wa mandazi, ambaye sasa nywele zake zilikuwa nyeupe, aliuliza moshi unatokea wapi. Nikamwambia kwa fahari kwamba hakuna moshi. Alizunguka nyumba kwenda kuhakikisha.

Mama peke yake ndiye hakuuliza siku ile. Aliuliza kesho yake.

"Na muntu akikuja kuomba moto," alisema, "nitamupa nini?"

"Mama, ni zaidi ya miaka ishirini hakuna aliyekuja kuomba moto."

"Minajua. Nauliza akikuja."

"Hatakuja!" nilisema, kwa ile sauti ninayoitumia darasani.

Akaanza kukohoa, na safari hii alikohoa mpaka akashika ukuta, nami nikalia mbele yake jinsi nilivyokuwa sijalia tangu utoto. Nilimwambia sitaki kumzika kwa sababu ya kibao na mafiga matatu. Nadhani alikubali kwa ajili ya machozi yale tu. Alichukua kibao chake jikoni, akakataa kiti cha mito, akakaa mbele ya kioo. "Moto mzuri," alisema. "Haina maneno." Nikafunga kibanda cha jiko kwa kufuli.

Na dawa ilifanya kazi. Hilo nalisema hata leo kwa kiburi kidogo ambacho sijaweza kukitupa. Baada ya miezi mitatu kikohozi kilipungua, baada ya mitano kiliisha. Daktari alimsikiliza mgongoni na kifuani, akanipa mkono mimi, si yeye. Alisema mapafu yanapumua vizuri, na kwamba watoto wote wangekuwa kama mimi, hospitali ingepumzika. Nilimtumia kaka maneno yale neno kwa neno. Nikawaeleza pia walimu wenzangu, zaidi ya mara moja.

Kwamba mama hakuwa tena na mtu wa kusalimiana naye asubuhi, sikuliona. Pale jikoni ukuta wa uani ulikuwa mfupi, na kila apitaye kisimani alimwamkia. Sebuleni kulikuwa na mlango, pazia, na kitambaa cha kujifutia miguu.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya mtihani. Niliondoka mapema, mama bado kitandani. Nilirudi saa saba mchana. Moto ulikuwa unawaka nyuma ya kioo, na mama alikuwa chini kwenye sementi, kati ya kibao na ukuta, mguu mmoja umegeuka upande usio wake. Alikuwa ameanguka wakati wa kukaa, asubuhi. Aliita mpaka sauti ikaisha.

Nilipiga magoti. Midomo yake ilikuwa mikavu, lakini alinitambua, na swali lake la kwanza halikuhusu mguu.

"Watu walikimbia saa ngapi?"

"Hakuna aliyekimbia, mama."

"Walikimbia. Nilikuwa hapa chini, nikangojea. Hakuna hata mumoja alikuja. Nikasema, vita imerudia, wamekimbia wote."

Nje mashine ya kusaga muhogo ilikuwa ikinguruma. Watu walikuwa wanacheka huko. Mama aliwasikia pamoja nami.

"Kumbe wako," alisema.

Nilikuwa nimeshapiga kelele nilipoingia, na jirani wa mandazi ndiye aliyetangulia kufika, mikono imejaa unga. Alipomwona chini aliketi palepale sakafuni, akashika kichwa.

"Dada yangu! Wakati ulikuwa kwa mafiga, siku sioni moshi yako ningekuja mbio. Leo sikuona moshi, nikasema, ni ile gazi yake tu. Miezi yote sioni moshi, nikazoea."

Alilia kwa sauti. Mama, aliyelala na nyonga iliyovunjika, alinyoosha mkono akampapasa goti. "Nyamaza," alimwambia. "Si wewe." Hakunitazama, na nilijua kwamba hakunitazama makusudi, kwa huruma, na ilinichoma zaidi kuliko kama angenitukana mbele ya barabara nzima.

Tulimbeba kwa kitanda mpaka hospitali. Mfupa haukuunga, kwa umri wake, walisema, hauungi. Nilivunja kufuli la jiko kwa sababu sikukumbuka ufunguo niliuweka wapi, na jirani akawa anakuja kila alfajiri kuwasha moto mle ndani, halafu anaingia kumwambia nani amepita na nani hajapita. Mama aliishi miezi minne zaidi, kitandani, bila kukohoa hata mara moja.