Mbwa Asiye na Kazi

Juzi nilimpeleka mbwa wangu kuchanjwa kichaa cha mbwa, ofisi ya mifugo hapa Themi. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja na mbwa mzee mwenye mvi mdomoni, ambaye alisema amemchukua kwenye kituo cha mbwa waliotelekezwa, kule Maji ya Chai.

Karani alishika kalamu na fomu. "Shikamoo mama. Mbwa ni wa kulinda?"

"Marahaba. Halindi, hata hasikii vizuri."

"Basi wa kuzalisha."

"Kwa umri huo?"

Karani akaigeuza fomu, akatazama upande wa pili, akairudisha. "Sasa mama, umemchukua wa nini?"

"Wa kukaa naye tu. Pale kila mtu anachagua wadogo."

Karani akanigeukia kama anayeomba msaada. "Wako je, baba?"

"Analinda," nikasema kwa fahari.

Yule mama akamtazama mbwa wangu kwenye mnyororo. "Na akizeeka?"

Mbwa wangu naye alikuwa ameinua kichwa, ananitazama kama anayengoja jibu. Tangu siku hiyo, kila jioni ninapomfungulia alinde, ananitazama vilevile, na mimi najifanya natafuta funguo.