Kisanduku Kilichojifunza Amplifaya ya Muyinga

Letisia alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya Mushasha, mjini Gitega, Burundi, na siku za Jumapili alikuwa mpiga gitaa wa kwaya. Watu wengi walimjua kwa hilo la pili. Miaka ya mwanzo waumini wa viti vya mbele walikuwa wakimgeukia yeye badala ya kumsikiliza padri, maana hawakuwa wamepata kuona mwanamke amevaa gitaa la umeme kanisani. Baadaye walizoea, wakawa wanageuka siku asipokuwepo.

Gitaa alijifunzia kambini Mtabila, upande wa Kasulu, Tanzania, alikokulia baada ya wazazi wake kukimbia vita akiwa na miaka minane. Aliyemfundisha ni kaka yake Yakobo, kwa chombo walichokiunda wenyewe kutokana na debe la mafuta ya kula na nyaya za breki za baiskeli. Yakobo alipata bahati ya kupelekwa Kanada. Letisia alibaki na mama yao hadi kambi ilipofungwa, wakarudi pamoja Muyinga, kwenye shamba la babu lililokuwa limeota vichaka hadi mlangoni.

Mwaka ule wa kwanza wa kurudi, alipokuwa mgeni katika nchi yake mwenyewe, alikutana na Mahmudu. Huyu alikuwa fundi redio karibu na soko la Muyinga, mtu wa familia ya Waislamu wa mjini ambao tangu zamani wanaishi kwa kazi za mikono. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Wateja walimwita Baba Nadia, kwa jina la binti yake mkubwa. Letisia alimweleza kwamba amepata gitaa la umeme lakini hana cha kulitolea sauti. Mahmudu akachukua redio kubwa ya zamani, ya zile zenye lampu za kioo zinazowaka ndani, akaifumua, akaiunda upya ndani ya sanduku la mbao. Ikatoka amplifaya nzito ambayo mtu mmoja hawezi kuibeba mbali, yenye mngurumo mdogo usiokoma na sauti ambayo Letisia hakuwahi kuisikia popote pengine: laini ukigusa uzi polepole, na yenye mikwaruzo kidogo ukiupiga kwa nguvu, kama mtu anayeanza kuinua sauti katika mazungumzo.

Alipiga kwa amplifaya hiyo miaka kumi na miwili. Alihamia nayo Gitega, yeye na mama yake, alipopata kazi. Kisha mwaka jana lampu moja ikaanza kuchoka. Sauti ilififia katikati ya wimbo, ikarudi, ikafifia tena. Mahmudu aliulizia lampu ya namna ile Bujumbura, Kigoma, hata Mwanza. Haikupatikana.

Yakobo alipata habari hizo kwa simu. Miezi miwili baadaye alituma ujumbe: kuna kitu kinakuja, kimepitia Dar es Salaam, kitashushwa mpakani Kobero. Na kwa kuwa Mahmudu huenda huko mara kwa mara kufuata vipuri, Letisia alimwomba yeye akipokee.

Hilo ndilo lililomsumbua njia nzima, likizo ilipofika na yeye akapanda gari la kwenda Muyinga na gitaa mapajani na amplifaya ile kongwe imefungwa nyuma. Alijisikia kama mtu anayekwenda kwa fundi wake wa siku zote kuchukua nguo aliyoshonewa na fundi mwingine.

Mahmudu alikuwa ameketi mlangoni pa kibanda chake akikwangua kutu kwenye spika. Alisimama, akampokea kwa mikono miwili.

"Karibu Mwalimu. Mzigo yako iko ndani. Mi sijafungua. Nilisema, mwenyewe aje kwanza."

"Baba Nadia, naomba unisamehe," Letisia alisema kabla hata hajakaa. "Sikukiomba mimi. Yakobo ndiye aliyeamua."

Mahmudu alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Unaomba pardon ya nini? Mi ningekuwa na ndugu Kanada, ningekuwa nimeomba zamani! Fungua bwana, tuone."

Walifungua. Ndani ya boksi kulikuwa na kisanduku cha chuma cheusi, kikubwa kiasi cha vitabu viwili vilivyolazwa ubavu kwa ubavu. Juu kilikuwa na kioo kama cha simu na vitufe vinne vya kukanyaga kwa mguu. Letisia alikinyanyua kwa mkono mmoja, akakirudisha mezani haraka, kama aliyeogopa wepesi wake.

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Mahmudu akavuta betri ya pikipiki pamoja na kidude chake cha kupunguza nguvu za umeme. Letisia alikwishashika waya kutaka kuuchomeka, lakini fundi akamzuia.

"Ngoja kwanza." Akachukua kipimo chake, akasoma maandishi madogo chini ya kisanduku, akageuza nyaya mbili, wa chanya na wa hasi. "Unaona? Redio zetu hizi, plus iko ndani, moins iko inje. Hii wameigeuza. Ungechomeka vile, tungeizika leo leo."

Kioo kikawaka. Letisia alitafuta lugha, akakuta Kifaransa, akashusha pumzi. Akachomeka gitaa, akavaa spika za masikioni, akapiga kodi moja, nyuzi zote kwa mpigo.

Akacheka kwa sauti. Hakuweza kujizuia. Kodi ile ilifunguka kichwani mwake kana kwamba amesimama peke yake katikati ya ukumbi mkubwa. Alikanyaga kitufe cha pili, ukumbi ukaondoka, sauti ikawa kavu na karibu. Cha tatu, kila noti ikajirudia mara tatu na kupotea. Kwenye kioo kulikuwa na orodha ya amplifaya, kila moja na picha yake: za miaka ya hamsini, za sabini, kubwa za viwanjani, ndogo za chumbani. Zilizidi mia. Kadidja, mke wa Mahmudu, alileta chai na maandazi. Chai ikapoa.

Lakini baada ya saa moja hivi mikono yake ilianza kupunguza kasi. Alikuwa anabadilisha tu, hapigi. Kila sauti ilikuwa nzuri, na kila alipoizoea akawa na hamu ya kujua inayofuata. Alivua spika za masikioni.

"Basi?" Mahmudu aliuliza.

"Ni nzuri mno. Sijui nisemeje. Kama kuingia nyumbani kwa watu matajiri. Unatazama kila kitu, hujui ukae wapi."

Fundi alivaa spika zile. "Piga uzi moja tu, ule mnene. Halafu uache." Letisia akapiga. Mahmudu alifumba macho hadi mlio ukaisha kabisa. "Tena." Akapigiwa tena. Yeye hakujali noti inavyoanza, alisikiliza inavyokufa. Akapitia amplifaya kama kumi hivi, na mara mbili akataja aina ya lampu kabla Letisia hajamsomea maelezo, na mara zote mbili alipatia.

"Hawa watu wamefanya kazi," alisema mwishowe. Kisha akatabasamu. "Bon. Na ya kwangu iko wapi humu ndani?"

"Hawajafika Muyinga hao," Letisia alijibu, wakacheka wote wawili.

Ila neno lile lilibaki naye. Akaanza kupekua kurasa za kioo moja baada ya nyingine, na katika ukurasa wa mwisho kabisa akasimama. Alisoma mara mbili ili asije akajidanganya.

"Baba Nadia. Hapa panasema kinaweza kunakili amplifaya yoyote iliyo mbele yake. Kinaipigia sauti zake, kinasikiliza inavyojibu, kinajifunza. Kinachotakiwa ni mikro tu, kipaza sauti."

Mahmudu alisogeza kiti. "Soma tena. Polepole."

Mikro waliazima kwa jirani mwenye vyombo vya harusi. Saa nane umeme ulirudi. Waliiweka amplifaya juu ya meza, lampu zikaanza kuwaka rangi ya chungwa, na wakangoja ipate moto. Mahmudu aliisogeza mikro mbele ya spika, akaipeleka kando kidogo, akairudisha nusu kidole. Letisia akabonyeza.

Kisanduku kikaanza kutoa milio ya ajabu ndani ya amplifaya: mbinja zinazopanda, mikoromo, vipande vya kelele kama redio inayotafuta stesheni. Wapita njia wawili walisimama. Mwanamke mwenye kikapu cha ndizi aliuliza kama kuna mnyama humo ndani. Dakika ya tatu lampu ile mbovu ilitoa mlipuko mdogo, sauti ikafifia, na kioo kikaandika kwamba kazi imeshindikana.

Letisia aliona wamechelewa, kwamba jambo hili lingewezekana mwaka jana, lampu ilipokuwa nzima.

"We usiweke uso namna hiyo," Mahmudu alisema. "Haijakufa." Aliizima, akaiacha ipoe, akamwomba Kadidja mwiko wa mbao. Alizitoa lampu, akasugua miguu yake na vijiti vya shaba vinavyozishika, akazirudisha. Alipowasha tena aligonga kila lampu kwa mpini wa mwiko, taratibu, huku ameinamisha sikio. Moja ilijibu kwa mkwaruzo. Akaisukuma kwa upana wa unywele mmoja upande wa kulia, akagonga tena. Kimya.

"Sasa. Haraka, kabla haijabadilisha nia. Na umeme pia."

Milio ikaanza upya. Safari hii hakuna aliyezungumza, hata wale wapita njia, ambao sasa walikuwa sita. Mbinja, mikoromo, kelele. Dakika ya tatu ikapita, ya nne ikapita. Kioo kikaandika kwamba kimemaliza.

Mahmudu hakukubali kuamini kwa kusoma. Aligeuza kiti, akatazama ukuta, akamwamuru Letisia apige wimbo uleule mara moja kwa amplifaya na mara moja kwa kisanduku, kupitia spika ileile, bila kumwambia ipi ni ipi. Letisia akapiga kipande cha wimbo wa matoleo. Akabadilisha, akapiga tena.

"Ya kwanza ndiyo yangu," Mahmudu alisema.

"Hapana. Ya kwanza ni kisanduku."

Watu mlangoni walipiga makofi. Mahmudu alibaki akitazama ukuta. "Rudilia." Letisia alirudia, na mara ya pili Mahmudu alipatia, na ya tatu, na ya nne. Aligeuka akiwa ameridhika.

"Umejuaje?" Letisia aliuliza.

"Ukiacha kupiga, ya kwangu inaendelea kunguruma. Ile ingine inanyamaza kabisa. Lakini ukiwa unapiga..." Alitikisa kichwa, akaifuta amplifaya vumbi kwa kanzu yake, mahali ambapo hapakuwa na vumbi. "Ukiwa unapiga, ni yenyewe. Mi nilitoa zile lampu kwa redio imetupwa, Mwalimu. Imetupwa jalalani."

Kisanduku kilikuwa bado kinangoja jina la kuhifadhia. Letisia aliandika MAHMUDU MUYINGA, herufi kwa herufi, akamwonyesha. Fundi alivaa miwani, akasoma, akaivua.

"Baba yangu alikuwa anashona jina yake ndani ya kola," alisema. "Mi sijawahi kuandika popote."

Amplifaya ilibaki Muyinga, kwa kuwa Letisia aliona haistahili tena safari za barabara. Yeye alirudi Gitega na gitaa lake na mkoba mmoja tu, kisanduku kikiwa ndani.

Jumapili ya kwanza ilikuwa mbaya. Sauti aliyoiandaa kwenye spika za masikioni, yenye mwangwi mzuri wa ukumbi, ilipotoka kwenye spika za kanisa iligeuka uji. Martha, mama aliyeongoza kwaya, alimtupia jicho kali mara mbili, na wimbo wa kuingia ukaisha waimbaji wakiwa mbele yake kwa pigo zima.

"Letisia, dada yangu," Martha alimwambia baada ya misa, "hicho kitu chako kinaimba peke yake. Hakitusikii."

Letisia hakukasirika. Siku ya Jumatano mchana alirudi kanisani peke yake, akapiga makofi katikati ya njia na kusikiliza yanavyorudi kutoka kwenye kuta. Kanisa lilikuwa na mwangwi wake tayari. Yeye alikuwa ameuongezea mwingine juu yake. Akaondoa mwangwi wote kwenye kisanduku. Akapunguza sauti za chini, na hizo zikawa nyingi kuliko alivyodhani. Mwishowe kikabaki kitu kimoja tu, amplifaya ya Mahmudu, bila pambo, na ukuta wa kanisa ukafanya yaliyobaki. Jumapili iliyofuata Martha hakumtazama hata mara moja, na kwa Martha hiyo ndiyo sifa.

Zile nyingine mia na kitu hajazifuta. Huzigusa siku ambazo hakuna kwaya wala madaftari ya kusahihisha, anapotoka shuleni saa kumi na kuketi kwenye ngazi za nyuma ya nyumba na spika masikioni. Zamani hakuweza kupiga gitaa la umeme nyumbani. Mama yake alilala mchana, na ukuta wa jirani ni mwembamba. Alikuwa akipiga kwa ajili ya watu tu, nyimbo za watu. Sasa mama yake hulala, jirani hutwanga pilipili, na Letisia hupiga vitu ambavyo bado havina maneno. Kimoja kati ya hivyo kimekuwa kirefu. Wiki iliyopita alikipatia mwendo wa katikati uliokuwa ukimkimbia, akaurudia hadi vidole vikauma, kisha akaingia ndani kuinjika maharagwe.