Viti Vinne vya Jirani

Siku watu wa mpango wa kusaidia kaya maskini walipopita nyumba kwa nyumba kijijini kwetu Magindu, mama alifanya kama anavyofanya mgeni yeyote akija: alifagia uwanja, akaenda kuazima viti kwa jirani. Jirani alivileta mwenyewe, vinne, akaongeza na vikombe vyenye maua. Nikajua hapa kuna jambo. Yule jirani hata kiberiti haazimishi mtu.

Dada mwandikishaji akakaa, akanywa chai, akavitazama viti, akaandika. Nilipotaka kumwambia si vyetu, mama alinikazia macho. Kwake yeye, mgeni haelezwi mambo kama hayo. Kisha yule dada akaenda kwa jirani, na kutoka barazani kwetu nilimwona amekalishwa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Jioni nilirudisha viti. Jirani akanizuia mlangoni. "Vikae kwanza huko kwenu, mwanangu, mpaka majina yatoke."

"Ana roho nzuri," mama akasema.

Majina yakabandikwa ofisi ya kijiji. La jirani lilikuwepo, la mama halikuwepo. Kesho yake asubuhi jirani alikuja kuchukua viti vyake, na mama akamsaidia kuvibeba.