Kambale Mpole wa Duka la Dawa

Wiki jana nilikuwa kwenye kaunta ya duka la dawa mjini Kitui. Mwenye duka, mzee mwenye asili ya pwani, ana tangi dogo la kioo lenye samaki sita wekundu, kila mmoja kama kidole, na anawapenda kuliko wateja. Mara akaingia mkulima na ndoo. Ndani yake mlikuwa na kambale wa mtoni.

"Nimekuletea zawadi, mzee. Ile dawa yako ilimponya mama kabisa."

Mwenye duka alimtazama kambale, akajikuna kichwa. "Ataelewana na hawa wangu?"

"Huyu? Huyu ni mpole! Ona hizo ndevu, ni kama mzee wa kanisa."

Zawadi haikataliwi mbele ya watu. Kambale akatiwa tangini, akatulia chini bila fujo, na hata mimi nikasema wataishi vizuri.

Juzi nilirudi. Tangini alibaki kambale peke yake. Nadhani kosa letu ni kwamba, tukichagua wa kukaa pamoja, tunauliza tabia tu. Hakuna anayeuliza upana wa mdomo.

Mkulima naye akaingia, akainama mpaka pua ikagusa kioo.

"Aii! Amenona hivi! Kwani unamlisha nini?"

"Majirani zake," alijibu mwenye duka kwa sauti ndogo.

Mkulima alimshika bega kwa huruma. "Pole, mzee. Lakini si vizuri akae peke yake. Jumatatu nitamletea bibi."