Jiwe la Nyanya Liko kwa Wanyama

Juzi nilirudi nilikozaliwa, na getini nikakatiwa tiketi kama mgeni. Usicheke, rafiki yangu. Kwetu siku hizi ni mbuga. Pale mama yangu alipokuwa akianika mtama, leo ngiri anachimbua mizizi, na ukitaka kupaona ni lazima ukae ndani ya gari na uambiwe usipige kelele.

Binti yangu ndiye aliyetupeleka. Amebeba jina la mama yangu, kwa hivyo mimi humwita mama, naye hunikaripia kama mama kweli. Anafanya kazi ya ofisi Embu mjini, na shule zilipofungwa aliwaahidi watoto wake wawili kwamba wataona simba. Msichana ana miaka kumi, mvulana sita. Tuliondoka Manyatta ukungu ukiwa bado umelala juu ya kahawa, tukanywa chai na mandazi Nkubu, tukanunua ndizi Mitunguu, kisha barabara ikateremka na joto likapanda, mpaka sweta zote zikaishia mapajani mwangu.

Mimi sikuwa na haja na simba. Nilikuwa natafuta jiwe.

Wacha nikwambie ukweli. Shule niliishia darasa la tatu. Lakini pita Manyatta uulize nyumba za mawe ambazo kona zake zimekaa kama zimekatwa kwa kisu, utaambiwa ni za mkono wangu. Nilianza na nyundo moja na tumbo tupu. Na kila aliyeniuliza ni nani alinifundisha kuchonga mawe, nilimjibu: hakuna mtu. Nimelisema neno hilo kwenye harusi. Nimelisema kanisani, mbele ya watu. Nimewaambia watoto wangu wakiwa wadogo, ili waache kulialia. Hakuna mtu.

Ulikuwa uongo, na ushahidi wake ulikuwa huko mbugani, kando ya mto, penye mikoma mitatu, ile miti inayofanana na minazi. Tangu Nkubu nilikuwa najiuliza: nikiliona jiwe lile mbele ya watoto hawa, nitasema au nitanyamaza?

Mwaka mmoja wa utoto wangu mvua ilikataa. Baba na mama walipanda milimani kuchuma kahawa katika mashamba ya watu ili walete chakula, nikaachwa na nyanya. Nilikuwa na miaka kumi, labda kumi na moja, nani alikuwa akihesabu. Kilichotubakia ni kipande cha mawele karibu na mto, na sisi wavulana tulishinda juu ya dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, tukiwafukuza ndege kwa kombeo. Nikifumba macho hata sasa nawasikia. Wanakuja kama upepo wenye midomo. Unapiga mayowe, unazungusha kombeo, wingu lote linainuka na kukaa kwa jirani, na mtoto wa jirani anakutukana mpaka babu yako.

Nyanya alikuwa na mwamba wake wa kusagia. Haukuwa wa kubeba. Ulikuwa mwamba wa ardhini, mpana kama kitanda, na juu yake kibonde kirefu kilicholika kwa mikono ya mama yake, na mama wa mama yake. Wanawake wa kwetu walijulikana kwa mkono wa kusaga. Ukipita njiani unasikia jiwe linaenda, krrr, krrr, na wimbo juu yake, unajua mwenye nyumba yuko na ana nguvu. Jiwe likinyamaza, watu huanza kusema.

Basi asubuhi moja nyanya aliteleza mtoni akiwa na mtungi, mkono wa kulia ukavimba kama mguu. Alinikalisha chini, akaniambia, "Huyo mama wa ng'ambo ya mto akijua siwezi kusaga, kesho ataniletea unga. Mimi nitakufa kabla sijala unga wa kuletewa."

Unaona nilikotoa kiburi changu.

"Sasa tutakula nini, nyanya?"

"Utasaga wewe."

Nililia. Mvulana kusaga, katika nchi ile, ilikuwa afadhali ukamatwe umevaa leso ya dada yako. Lakini njaa haina haya, na nyanya alikuwa na mpango. Tulisubiri mchana, saa ile ya jua kali, watu wote wakiwa mashambani. Mimi nikapiga magoti kusaga. Yeye akakaa kando yangu kivulini, mkono umefungwa kwa majani, akaimba. Aliimba kwa sauti kubwa, wimbo wa kusagia, ili anayepita nje ya boma ajue ni yeye. Siku moja mama wa ng'ambo alisimama njiani akaita, "Mama, mkono wako bado ni wa msichana!" Nyanya akajibu, "Ni Mungu tu, binti yangu!" na akanifinya kwa ule mkono mzima nisicheke.

Kibonde chake kilikuwa kirefu kwangu, mikono yangu haikufika mwisho. Ndipo akaniambia nichonge changu, kando ya chake. Aliniokotea jiwe jeupe gumu la mtoni, akanionyesha jinsi ya kugonga. Polepole, mahali pamoja, kama kuku anayedonoa. "Usilipige kwa hasira," alisema. "Jiwe lina njia yake. Sikiliza linavyolia, litakuonyesha pa kupita." Niligonga siku saba. Siku ya saba nikasikia sauti inabadilika chini ya mkono wangu, ikawa nyembamba, na kipande kikatoka kama ganda la yai. Nyanya akasema, "Haya. Sasa mnajuana."

Mchana ule ukawa wetu. Mto ulikuwa umebaki uzi wa maji. Ndovu walipita ng'ambo bila haraka, masikio yakipunga, nyanya akiwaimbia na wao. Unga ulishuka laini kwenye ngozi ya mbuzi, na harufu yake, rafiki yangu, ile harufu ya mawele yaliyopashwa moto kidogo na jiwe, sijaipata tena katika unga wowote wa paketi. Jioni tulikunywa uji, nyanya akipuliza kibuyu chake, na nilikuwa na hakika kwamba dunia yote iko pale.

Kosa langu lilikuwa moja. Nilinawa mikono, nikasahau magoti. Nilipopanda dungu jioni, wavulana wakanikodolea macho.

"Mbona magoti yako meupe?"

Nikajibu jambo la kwanza lililokuja kichwani. "Nimetoka kuomba."

Wakacheka karibu dungu lianguke. Tangu siku ile wakaniita Padri, na wazee wa rika langu waliobaki bado huniita Padri. Wajukuu wangu hudhani nilikuwa mtoto wa kanisa.

Nilisaga miezi mitatu. Mkono wa nyanya ulipona nusu, mama akarudi, na njaa ya pili ilipokuja tukahama wote kwenda juu, kwenye udongo mwekundu. Nyanya hakuipenda baridi. Hakukaa sana nasi. Baadaye nikasikia kule chini ni kwa wanyama sasa, na mimi nikawa fundi, na nikaanza kusema hakuna mtu.

Basi juzi. Tuliona twiga, tukaona nyati, mvulana akalala kabla ya simba. Saa sita renja, yule askari wa mbuga, akatupeleka kando ya mto mahali watu wanaruhusiwa kushuka na kula. Binti yangu akafungua chapati na mayai. Nikatazama juu. Mikoma miwili. Wa tatu ulikuwa kisiki.

Mwamba ulikuwa pale pale. Mdogo kuliko nilivyoukumbuka, kama mambo yote. Nyani mmoja alikuwa ameukalia akila mbegu, renja akamfukuza, akawaita watoto.

"Njooni mwone. Hapa watu wa kale walisaga nafaka. Hatujui walikuwa akina nani."

"Watu wa kale kama dinosa?" mvulana aliuliza, usingizi bado machoni.

"Karibu hivyo," renja alicheka. "Hiki kibonde kikubwa kilikuwa cha wanawake. Na hiki kidogo, ona kilivyo kifupi, nafikiri watoto walikuwa wakichezea tu."

Nilikuwa nimeshaamua kunyamaza, nakuapia. Nilikuwa na chapati mkononi na nimeshaamua. Lakini kuchezea!

"Kuchezea nini, kijana?" nilisema. "Mimi nimesaga hapo miezi mitatu, magoti yakatoka damu, halafu wewe unaniambia kuchezea?"

Renja akanigeukia. Hata nyani, kule alikofukuzwa, aligeuza shingo.

"Baba," binti yangu alisema polepole. "Wewe umesaga?"

"Guka, si kusaga ni kazi ya wanawake, ya akina shosho?" msichana aliniuliza, mdomo umejaa yai.

"Ndiyo. Na nilisaga. Hicho kidogo nilikichonga mimi, na jiwe la mtoni. Nyanya yangu alinifundisha." Neno hilo lilitoka zito kama tofali, lakini lilipotoka sikuona tena sababu ya kuacha mengine. Nikawaambia yote. Mkono uliovimba, wimbo, mama wa ng'ambo. Nilipofika kwenye magoti na Padri, binti yangu alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi na sketi yake ya ofisini, kisha nikaona anafuta macho, na si kicheko tena.

"Miaka yote hii unatuambia hakuna mtu," alisema.

"Nilikuwa mjinga, mama."

Renja alivua kofia. Aliniuliza kama nakumbuka wimbo, awe akiwaambia wageni. Nikafungua kinywa. Sauti ilikuja, ile ya kupanda na kushuka, lakini maneno, rafiki yangu, maneno hayapo. Nilikuwa nasaga, si mimi niliyeimba. Mwenye maneno alienda nayo.

Hilo ndilo linalonirudia nikikaa peke yangu sasa. Si nyumba zetu, nyumba za udongo huwa zinarudi udongo. Mwamba upo, mto upo, ndovu wapo na wanalindwa vizuri. Kilichopotea ni kile kilichokuwa juu ya jiwe, krrr, krrr na sauti ya mwanamke mmoja akidanganya kijiji kizima kwa wimbo, ili tusile unga wa kuletewa. Nilikuwa mtu pekee duniani aliyejua jambo hilo, na nusura nife nalo kwa sababu ya kiburi.

Tulipokuwa tukipanda gari, binti yangu alimshika msichana bega. "Ebu simama. Magoti yako yamekuwaje hivi?"

Sikuwa nimemwona. Kumbe tukiongea na renja alikuwa amerudi peke yake, akapiga magoti mwambani, akasukuma kokoto ndani ya kibonde changu, mbele na nyuma. Magoti yake yalikuwa mekundu kwa vumbi. Yangu yalikuwa meupe, lakini unga uko wapi siku hizi.

Akamtazama mama yake, akanitazama mimi.

"Nimetoka kuomba," akasema.