Sukari ya Mama Mwenye Nyumba

Juzi binti yangu alirudi nyumbani akiwa na furaha. Anataka kusomea unesi. Walimu wao wamewaambia ni kazi ya zamu, unaweza kubadilishana na wenzako, nafasi ya kulea watoto unaipata, na juu ya yote ina thawabu. Nilikuwa nakuna nazi. Nikaendelea kukuna, maana ningefungua mdomo siku ile tusingeelewana. Wewe nitakueleza, rafiki yangu.

Mama yangu alikuwa nesi. Tulipanga chumba kimoja Kariakoo, miaka ile ya Ujamaa, kwenye nyumba yenye korido katikati na vyumba huku na huku. Uani majiko ya mkaa yalipangana, na harufu ya dagaa wa huyu iliingia kwenye wali wa yule. Sabuni ilipokosekana tulifulia majani ya mpapai. Hata hivyo gauni la mama lilikuwa jeupe, na kazi yangu ilikuwa kupaka chaki raba zake zifanane nalo.

Zamu zilibadilika kweli, lakini waliobadilishiwa maisha ni sisi. Wiki ya usiku tulinong'ona mchana kutwa ili alale, na bado hakulala. Nyumba nzima ilimgongea mlango. "Sista, sindano." Vidonge hawakuviamini, kwao dawa isiyochoma si dawa. Mama alichemsha bomba lake la kioo kwenye sufuria tuliyokatazwa kupikia, akawachoma mmoja mmoja pale uani. Thawabu yake ilikuwa ndizi mbili, au "Mungu atakulipa". Mungu alitwishwa mengi katika nyumba ile.

Sukari ilifika duka la ushirika kwa nadra. Mwenye shughuli aliweka jiwe lake kwenye foleni, na jirani wa nyuma alilisogeza mstari ukisogea. Ndivyo tulivyoishi. Siku moja mama aliweka jiwe alfajiri akaenda kazini. Aliporudi alilikuta limetupwa mtaroni na sukari imekwisha. Majirani wakamwambia wafanyakazi wa serikali wana mgao wao. Uongo mtupu. Hospitali ilimpa mama miguu iliyovimba, basi.

Wakati huohuo mgambo walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba kuwasaka wanaoficha bidhaa. Pakazuka maneno kwamba nesi naye ni serikali, anavaa sare, atatutaja. Mama yangu huyo, ambaye hata aliyemwibia kanga kambani hakumtaja. Basi akipita uani, mazungumzo yalikatika. Sindano walizitaka vilevile.

Asubuhi moja alitoka zamu ya usiku akamkuta mdogo wangu, aliyekuwa ndiyo kwanza ameachishwa ziwa, anaharisha na kutapika, macho yameingia ndani. Baba alikuwa bandarini akipakua mizigo, na bibi yangu, aliyetuangalia mama akiwa zamu, hakujua la kufanya. Mama alijua. Maji yaliyochemshwa, chumvi, sukari, mtoto anyweshwe kidogo kidogo. Chumvi tulikuwa nayo. Akanituma nibishe hodi kila chumba niombe sukari, kijiko tu.

Nilibisha hodi. Chumba baada ya chumba, watu aliowachoma sindano kwa mikono yake waliniambia haipo. Mama mwenye nyumba alinifungulia mlango nusu, tambuu mdomoni.

"Sukari? Tangu lini, mjukuu wangu? Sisi wenyewe chai tunakunywa ya chumvi."

Mama akamnywesha maji ya chumvi matupu, akambeba mgongoni, akaondoka kwa miguu kwenda hospitali kwa kuwa basi halikuonekana. Hawakufika. Walipokuwa wanavuka viwanja vya Mnazi Mmoja alihisi mgongo umekuwa mzito, akajua. Akageuza njia, akarudi naye vilevile mgongoni, wala hakumfungua mpaka alipoingia chumbani. Mama alisema baadaye kwamba hata kwa sukari pengine asingepona. Mimi sikubali, mpaka leo.

Tukiwa bado kwenye matanga, mama amekaa mkekani, mama mwenye nyumba akaingia amempakata mjukuu wake. Mtoto huyo alikuwa rika moja na mdogo wangu, na ni mama yangu aliyemzalisha mama wa mtoto huyo mlemle ndani. Sasa alikuwa amelegea kwa ugonjwa uleule. Kwa mkono wa pili mama mwenye nyumba alishika kopo.

"Sista, niokolee mtoto. Sukari hii hapa."

Kopo lilikuwa limejaa. Waombolezaji wote waliliona. Bibi yangu aliinuka akasimama mlangoni.

"Huyu mwache," akamwambia mama. "Shukrani ya punda umeshaiona."

Mama alilitazama lile kopo. Kisha akanyoosha mikono akampokea mtoto.

"Mtoto hakuficha sukari," alisema. Akanigeukia mimi: "Teleka maji."

Nikateleka, huku nalia kwa hasira. Akakaa na mtoto yule, kijiko baada ya kijiko, palepale kwenye mkeka wa matanga ya mwanawe, mpaka mtoto alipokojoa jioni, dalili kwamba maji yamemrudia mwilini. Sukari iliyobaki koponi mama mwenye nyumba aliondoka nayo.

Nyumba ile imevunjwa, pamesimama ghorofa la maduka ya nguo. Korido hakuna, uani hakuna, foleni za mawe hakuna, na mama yangu amekwisha kufa. Watu hupenda kusema zamani tulipendana. Waseme. Mimi nilibisha hodi kwenye milango ile.

Yule mjukuu wa mama mwenye nyumba ana duka lake kwenye ghorofa hilohilo. Hajui lolote, kwa nini ajue? Nikipita ananyanyuka kwenye kiti kwa adabu, "Shikamoo, dada," ananiuliza watoto hawajambo. Ninaitika marahaba, namtazama kichwani. Ameanza kuota mvi, na kila nikiziona najua mdogo wangu naye sasa angekuwa nazo.